Mwandiko Ni Wangu

Zilikuwa zimebaki dakika ishirini mtihani wa kemia ya damu umalizike, msimamizi alipoinama karibu na kiti cha Kimya, akaokota kijikaratasi sakafuni na kukikunjua taratibu kwenye kiganja chake.

"Hiki ni chako?"

Kimya aliinua kichwa. Kwanza aliiona ile saa kubwa ya mkononi iliyowafanya wanafunzi wamwite msimamizi huyo Mzee Saa. Kisha akaiona karatasi yenyewe. Ilikuwa na upana wa vidole vitatu, imeandikwa kwa wino wa buluu, herufi zimebanana kama ufuta, na kila tarakimu ya saba imekatwa kistari katikati. Darasa zima hakukuwa na mwingine aliyeandika saba namna hiyo.

"Mwandiko ni wangu, mzee, lakini mimi sikuingia na..."

"Nimeuliza ni chako au si chako."

"Nilikiandika mimi, ila..."

"Imetosha."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Kimya zaidi. Mzee Saa alichukua kijitabu chake cha majibu, akaandika saa juu ya jalada kwa wino mwekundu, akamwekea kijitabu kingine kitupu pamoja na fomu ya kutia sahihi. Kalamu za darasa zima zilisimama, kisha zikaanza tena kwa kasi kuliko mwanzo, kama watu waliopita karibu na ajali wakaona heri wasitazame. Kimya alitia sahihi. Swali lililobaki lilihusu sampuli ya damu iliyoharibika njiani kabla ya kufika maabara, jambo ambalo angeweza kulieleza hata akiamshwa usingizini. Hakuandika hata mstari mmoja.

Jina la Kimya alipewa wiki ya kwanza chuoni, kwa sababu alikuwa haongei mpaka aulizwe, na akiulizwa hujibu kwa maneno ya kuhesabika. Sasa alikuwa mwaka wa tatu, wa mwisho, akisomea ufundi wa maabara ya hospitali. Namna yake ya kusoma ilijulikana na kila mtu: alikuwa anafupisha sura nzima ya kitabu ikaingia kwenye karatasi ndogo, anaisoma mpaka imkae kichwani, kisha anaandika nyingine. Wenzake walikuwa wakiziazima karatasi hizo kwake na kumtania kwamba siku akiandika wosia utatosha nyuma ya stempu.

Karatasi aliyookota Mzee Saa ilikuwa moja kati ya hizo. Ilikuwa na viwango vya kawaida vya vipimo ishirini vya damu. Aliiandika wiki tatu kabla ya mtihani, na aliwaazima watu wawili tu. Wa kwanza alikuwa Babu, mwanafunzi mwenzao mwenye mvi, aliyedeki wodi za hospitali kwa miaka kumi na moja kabla ya kupata nafasi ya kusoma. Babu aliirudisha kesho yake. Wa pili alikuwa Cheche, msichana mwenzake aliyekuwa akilala naye chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza.

Na kwenye mtihani Cheche alikaa kiti cha nyuma yake.

Walipotoka, Babu alimsubiri koridoni. "Binti, nini kimetokea mle ndani?"

Kabla Kimya hajaanza kueleza, Cheche alipita pembeni yao akiwa amezungukwa na wasichana wengine, anacheka kwa sauti ya juu kuhusu jambo ambalo hakuna mwingine aliyelicheka. Hakugeuka.

Alasiri Kimya alimkuta chumbani akipiga pasi koti lake jeupe la maabara.

"Pole, jamani, nimesikia," Cheche alisema kabla ya kuulizwa lolote. "Mzee Saa yule ana roho mbaya."

"Ile karatasi ulikuwa nayo wewe."

"Si nilikurudishia?"

"Hukunirudishia."

"Nilikurudishia, Kimya. Niliiweka mezani kwako, juu ya vitabu. Labda ilijificha kwenye nguo ukaenda nayo bila kujua. Mambo hayo hutokea." Pasi ilikuwa ikipita juu ya mkono mmoja wa koti, kwenda na kurudi, na mkono huo ulikuwa umenyooka kitambo.

Kimya aliiangalia ile pasi, akaenda kukaa kitandani kwake. Jambo baya ni kwamba alianza kujitilia shaka. Alikung'uta kila kitabu, akageuza mifuko ya sketi aliyovaa, akajaribu kukumbuka meza yake ilivyokuwa wiki moja nyuma, mbili nyuma. Mtu akikuambia jambo huku anakutazama usoni, na ni mtu uliyelala naye chumba kimoja miaka mitatu, kichwa huanza kumtafutia ukweli hata kama hana.

Kesho yake, Jumanne, barua ilifika. Anatuhumiwa kwa udanganyifu katika mtihani. Maelezo yake ya maandishi yafike ofisi ya mitihani kabla ya saa sita mchana Jumatano, na kikao ni Alhamisi saa nne asubuhi.

Mlezi wa wanafunzi, mtu mpole mwenye tabia ya kusugua kipara akifikiri, alimwita ofisini kwake na kumfungia mlango.

"Nitakuambia kama mwanangu," alisema. "Karatasi imekutwa kwako. Mwandiko umekubali ni wako. Ukikiri na kuomba radhi, utasimamishwa mwaka mmoja, utarudi, utamaliza. Ukibisha halafu wakakukuta na hatia, unafukuzwa moja kwa moja. Miaka mitatu imeenda na maji."

"Lakini sikufanya, mwalimu."

"Sijasema umefanya." Akasugua kipara. "Nasema hesabu ilivyo."

Kimya alitoka na fomu ya kukiri mkononi. Ilikuwa ukurasa mmoja, na nusu yake ilikuwa imeshachapwa. Kilichobaki ni jina, tarehe na sahihi. Alisimama chini ya ngazi za bweni akaisoma mara tatu, na kila alipoisoma ilizidi kuonekana jambo jepesi. Mwaka mmoja. Watu husubiri mwaka mmoja kwa mambo madogo kuliko hilo.

Kilichomzuia ni mjomba wake. Huyo alikuwa kaka wa mama yake, karani wa mahakama, mzee mkavu aliyezeeka akisikiliza watu wakijitetea. Kimya alimpigia kwa sababu mama angelia, na kilio hakikuwa kinahitajika siku hiyo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Sauti hiyo ina nini?"

Alimweleza yote. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja tu.

"Ulifanya?"

"Sikufanya, mjomba."

"Basi hiyo fomu irudishe ilikotoka. Ukiomba radhi kwa kosa la mwenzio umelinunua, na bidhaa hiyo hairudishwi dukani. Sasa nisikilize. Nani alikuona nayo mkononi?"

"Hakuna."

"Iliokotwa wapi hasa? Mbele ya kiti, nyuma, chini?"

"Sijui."

"Mtu anatuhumiwa kwa karatasi na hajui ilikuwa wapi! Umeisoma?"

"Niliiandika mwenyewe, mjomba, niisome ya nini?"

"Uliiandika wiki tatu zilizopita. Nenda ukaiombe uitazame. Isome neno kwa neno, kama vile imeandikwa na adui yako. Halafu andika ulichokiona na ulichokifanya, basi. Usiandike 'nadhani'. Nimeona kesi nyingi zikizama kwenye 'nadhani'. Na usimtupie mtu kisa ambacho hukukishuhudia kwa macho yako, hata kama moyo unakuambia ni yeye."

Jumatano asubuhi, ofisi ilipofunguliwa tu, Kimya alikuwa mlangoni. Karani wa mitihani, mwanamke mnene aliyekuwa akigonga mihuri kama anatwanga, alimshangaa.

"Kuitazama? Tangu nikae hapa hakuna aliyewahi kuomba."

"Kanuni ya kumi na mbili inaruhusu, mama." Alizisoma usiku kucha, kanuni zote.

Karani alimtazama, akaweka muhuri chini, akafungua kabati la chuma. "Dakika tano. Usiitoe kwenye mfuko."

Karatasi ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni. Kimya aliinamia kaunta akaanza kusoma kutoka juu. Sukari. Yurea. Kreatinini. Potasiamu. Alipofika sodiamu akasimama. Karatasi ilisema kiwango cha kawaida ni 125 hadi 145.

Kiwango cha kawaida kinaanzia 135. Alikosea siku ile, kwa haraka, akaandika mbili badala ya tatu. Aligundua kosa lake wiki moja kabla ya mtihani, mwalimu alipokuwa akiwarudia masomo, na akalisahihisha kwenye daftari lake kwa wino mwekundu. Kijikaratasi hakukisahihisha kwa sababu hakikuwa mikononi mwake.

Na swali la nne la mtihani lilikuwa hilo hilo. Mgonjwa wa miaka sitini, sodiamu yake 130. Je, iko chini, kawaida, au juu? Kimya aliandika: chini, daktari ajulishwe. Aliandika hivyo katika kijitabu kile ambacho Mzee Saa alikichukua na kukiandika saa juu yake, kwa hiyo hakuna wa kusema kwamba alikwenda kubadilisha baadaye.

"Umemaliza?" karani aliuliza. "Mbona unatabasamu?"

"Nimemaliza, mama. Asante sana."

Alitoka karibu anakimbia. Alikuwa amefika katikati ya uwanja, penye bomba la maji, aliposimama ghafla. Kama yeye aliandika "chini" kwa sababu hakuitumia karatasi, basi aliyeitumia aliandika "kawaida". Kamati ikifungua vijitabu vya wanafunzi waliokaa karibu naye, haitahitaji mtu wa kuwaambia lolote.

Cheche alikuwa kitandani, amejifunika shuka mpaka kifuani ingawa kulikuwa na joto. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Cheche, swali la nne uliandikaje?"

"Lipi?"

"La mzee wa miaka sitini. Sodiamu mia moja na thelathini."

"Kawaida," Cheche alijibu upesi, kama mtu aliyefurahi kuulizwa jambo lingine. "Si inaanzia mia moja ishirini na tano? Kwani wewe ulijibu nini?"

"Chini."

"Chini vipi, na wewe mwenyewe ndiye uli..."

Neno lilikuwa limeshatoka nusu, na nusu iliyobaki haikuwa na pa kwenda. Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo kwenye saruji. Walisikiliza ndoo hiyo mpaka ikafika mwisho wa koridoni.

"Nilikosea nilipoandika," Kimya alisema. "Inaanzia mia moja thelathini na tano. Siku ile mwalimu alipoyarudia wewe ulikuwa umekwenda kwenu."

Cheche alikaa. Alivuta magoti yake, akayakumbatia. "Nilikifungua mara moja tu. Naapa. Kichwa kilikuwa cheupe, sioni hata namba moja. Yule mzee alipogeukia upande wetu nikakiangusha, nikakisukuma kwa mguu. Sikujua kitaishia kwako. Nilidhani kitaingia kwenye ufa wa ukuta."

"Na ulipoona kimeishia kwangu?"

Cheche alianza kukunja pindo la shuka.

"Siku tatu, Cheche. Umenitazama usoni ukaniambia ulikiweka mezani kwangu."

"Mwaka jana nilianguka somo moja, unajua. Nikitajwa nimekwisha. Wewe una jina zuri, walimu wanakupenda, watakuamini tu."

"Wameniandikia barua. Wanaweza kunifukuza."

"Hawatakufukuza." Cheche alifuta uso kwa shuka. Kisha akasema taratibu, bila kumtazama, "Ulipolazwa na homa ya matumbo, nani alikaa na wewe siku tisa? Nilikufulia mpaka mashuka. Sikukusimanga hata siku moja."

"Sijasahau."

"Basi usinitaje. Nyamaza tu. Si ndilo jina lako?"

Maneno hayo yalimwingia Kimya mahali asipopajua. Alishika kitasa cha mlango.

"Nenda ukaseme mwenyewe," alisema mwishowe. "Mpaka kesho saa nne nafasi unayo. Mimi nitaandika yangu."

Aliandika maktabani, kwenye meza ya mwisho, akitazama saa ya ukutani kila mara. Rasimu ya kwanza ilikuwa na jina la Cheche kila mstari wa pili. Aliichana. Ya pili haikuwa na kitu, ilikuwa ni "sikufanya" iliyozungushwa kwa maneno mia mbili. Akakumbuka mjomba. Ya tatu ilikuwa nusu ukurasa: karatasi aliiandika yeye, lini na kwa nini, aliwaazima wenzake kwa kusoma, ina kosa kwenye sodiamu, daftari lake la masahihisho ameliambatisha, anaomba kamati ilinganishe karatasi hiyo na jibu lake la swali la nne. Majina hakuandika. Aliifikisha saa sita kasoro dakika nane, na karani akaigonga muhuri kwa nguvu zake zote.

Alhamisi ilipofika Cheche hakwenda kusema.

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu yenye kioo juu, jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa, na feni iliyokuwa ikipeperusha kona za makaratasi. Mkuu wa taaluma, mama mwenye miwani iliyofungwa mnyororo shingoni, alikaa katikati. Kulia kwake alikuwa mwalimu wa kemia ya damu, mtu aliyejulikana kwa kutotabasamu tangu aajiriwe. Mzee Saa alikaa kando kama shahidi.

"Eleza," mkuu wa taaluma alimwambia Mzee Saa.

"Mkononi sikumwona nayo," Mzee Saa alisema. "Mimi nasema nilichokiona. Niliikuta sakafuni, nusu chini ya kiti chake, nusu imetokeza kwa nyuma. Nikamuuliza, akasema mwandiko ni wake."

Kimya alimtazama kwa mshangao. Siku zote nne alikuwa amemchukia mtu huyu.

Mwalimu wa kemia alikuwa na maelezo ya Kimya mkononi. "Nimesoma habari ya sodiamu. Ni hoja nzuri, lakini ina tundu. Uliijua namba hiyo kuwa ni mbovu. Kwa hiyo ungeweza kuiruka hiyo moja ukanakili nyingine kumi na tisa. Unasemaje?"

Hilo Kimya hakuwa amelifikiria. Kwa kawaida hapo ndipo angeinamisha kichwa.

"Niulize, mwalimu," alisema.

"Nikuulize nini?"

"Hizo kumi na tisa. Hapa hapa. Anzia popote."

Mwalimu alimtazama mkuu wa taaluma, naye akatikisa kichwa kukubali. Akaanza. Potasiamu? Kalsiamu? Yurea? Aliruka huku na huku, akarudi nyuma, akamchanganyia mwanamume na mwanamke, mtoto na mtu mzima. Kimya alijibu moja baada ya nyingine, mikono ameibana mapajani. Kwenye ya kumi na nne aliteleza, akajirekebisha mwenyewe kabla ya kusahihishwa. Ilipofika ya kumi na tisa mwalimu aliweka kalamu chini.

"Mtu wa namna hii karatasi angeihitaji ya nini?" aliuliza, kama anajiuliza mwenyewe.

"Uliwaazima akina nani?" mkuu wa taaluma aliuliza.

Ndilo swali ambalo Kimya hakulala kwa ajili yake. Alijua hangedanganya. Zaidi ya hapo hakuwa amejua lolote.

"Wawili, mama. Lakini ndani ya chumba cha mtihani sikumwona yeyote nayo. Siwezi kusema nani aliingia nayo."

"Sijakuuliza nani aliingia nayo. Nimeuliza uliwaazima akina nani."

Feni ilizunguka. Mzee Saa alitazama saa yake. Kimya alitaja majina yote mawili, la Babu kwanza, kisha la Cheche.

"Kaa nje usubiri," mkuu wa taaluma alisema. "Na waletwe hao. Niletee pia vijitabu vya safu ile yote."

Benchi la nje lilikuwa jembamba. Babu alifika kwanza, anahema, shati limechomekwa upande mmoja. Aliingia, akatoka baada ya dakika tano, akakaa kando ya Kimya.

"Miaka kumi na moja nimedeki sakafu," alinong'ona, "leo ndiyo mara ya kwanza sakafu inanitetemesha mimi."

"Nisamehe, Babu. Nimelazimika kukutaja."

"Nikusamehe wewe kwa lipi? Niliazima, nimesema niliazima, nikarudisha. Ukweli haumchomi aliyeushika vizuri." Akamtazama kwa pembe ya jicho. "Ila wewe umeshika upande wa moto, naona."

Cheche alikuja akiwa amevaa lile koti alilolipiga pasi. Alipofika mbele ya benchi alisimama. Kimya alidhani atatukanwa, na akajikuta anatamani atukanwe, yaishe. Cheche alijifuta viganja kwenye koti, akasukuma mlango.

Walikaa nje dakika arobaini. Mlango ulikuwa mzito, hakuna neno lililopita. Cheche alipotoka alikwenda moja kwa moja kuelekea ngazini, mwendo wa mtu anayeogopa kwamba akisimama hataweza kuendelea. Kisha Kimya akaitwa.

Alisimama mbele ya meza. Mkuu wa taaluma alivua miwani ikaning'inia kifuani.

"Huna hatia. Kijitabu chako cha kwanza kitasahihishwa, na swali la mwisho utalifanya upya Jumatatu. Barua utaipata leo." Alifunga faili. "Na nikuambie jambo moja, kwa sababu mnalala chumba kimoja. Hatukumwonyesha kijitabu chake. Aliingia akasema mwenyewe kabla hajakaa. Akasema pia kwamba wewe hukujua. Kwa hilo tumemsimamisha mwaka mmoja badala ya kumfukuza."

"Asante, mama," Kimya alisema, na hapo ndipo alipolia, mbele ya watu watatu, bila kujizuia, mpaka Mzee Saa akainuka akammiminia maji kutoka lile jagi.

Aliporudi chumbani Cheche alikuwa ameshaondoka. Alikuwa amechukua begi moja tu. Kimya alimpigia simu usiku huo, na asubuhi, na usiku uliofuata. Iliita mpaka ikakatika. Jumatatu alifanya swali la mwisho, akaandika kurasa mbili na nusu kuhusu sampuli zinazoharibika njiani. Matokeo yalipobandikwa ubaoni alikuwa amefaulu, na watu wawili ambao hawakumsalimia wiki nzima walimkumbatia. Akawaacha wamkumbatie.

Jumamosi yake mlango uligongwa. Nje alisimama mwanamke mrefu mwenye ovaroli, kucha zake zina rangi nyekundu ya magari iliyokauka. Kimya alimjua kwa kumsikia: dada mkubwa wa Cheche, fundi wa kupaka rangi magari kwenye gereji.

"Nimefuata vitu," alisema. "Wewe ndiye Kimya?"

"Ndiyo, dada. Karibu."

Hakukaa. Alikusanya vitabu na viatu, akakunja lile koti jeupe na kulitumbukiza kwenye mfuko. Kimya alimsaidia kutandua mashuka. Ilipobaki godoro, dada alishika kiuno akalitazama.

"Anaendeleaje?" Kimya aliuliza.

"Halali. Nimemchukua gereji, anapiga msasa milango. Mkono mmoja umechubuka wote, lakini hasemi anaumwa." Akageuka, akamtazama Kimya kwa mara ya kwanza uso kwa uso. "Mimi sijui nikuchukie au nikushukuru. Nimefikiria njia nzima. Mama yetu anasema nisikuongeleshe kabisa."

"Nakuelewa, dada."

"Yeye mwenyewe ameniambia nikusalimie. Nikamwambia salamu peleka mwenyewe, mimi nakwenda kuchukua godoro." Akainama, akalishika. "Haya, shika upande huo. Ngazi zenu nyembamba."

Kimya alishika. Walitoka kinyumenyume, dada mbele, na kwenye kona ya kwanza godoro likakwama.

"Inua kwako," dada alisema. "Zaidi. Hapo hapo."

Walilisukuma, likapita. Chini kulikuwa na pikapu iliyopakwa rangi nusu, injini inanguruma. Walilipakia, Kimya akakaza kamba upande wake, dada akakaza wake, akaijaribu kwa kuivuta mara mbili, kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Gari lilipoanza kutembea alitoa mkono dirishani, haikujulikana kama anaaga au anazuia gari lililokuwa likija nyuma. Kimya naye aliinua wake.